Ubingwa wa Baridi Yabisi Uwafikie Wakulima



Wapo wanaodhani kuwa baridi yabisi ni shauri la uzee na mvua. Dhana hiyo imelemaza wengi. Maradhi haya huweza kumpata mama wa miaka 30 mwenye nguvu zake, yakamkunja vidole hata asiweze kushika jembe wala chaki.

Mgonjwa wa Ngara au Biharamulo akishindikana wilayani, hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 ambayo leo hufundisha madaktari wanaosomea ubingwa. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025 na kungoja kivuko kukaisha. Lakini nauli haikuisha, wala siku za kuacha shamba. Anayechelewa hufika viungo vimekwisha kupinda, na kiungo kilichopinda hakinyooshwi kwa vidonge.

Kwa hiyo daktari anayefunzwa hana budi kumfikiria mgonjwa wa Rulenge au Nyakahura tangu siku ya kwanza. Ajifunze kuuliza. Viungo vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja ni dalili kubwa. Lakini mkulima hahesabu dakika, basi aulizwe kama viungo hulegea kabla ya kufika shambani au baadaye. Aulizwe pia kama hunywa maziwa mabichi, maana ugonjwa wa ng'ombe wa kutupa mimba huwaumiza binadamu mgongo na viungo. Na mtoto aliyeumwa koo, kisha magoti yakavimba, huenda moyo wake umo hatarini. Huyo mwalimu ndiye humwona kwanza.

Halafu kuna dawa. Methotreksati humezwa mara moja tu kwa wiki. Akiimeza kila siku, mgonjwa anaweza kufa. Maelezo yanayotolewa kwa haraka, kwa mtu aliyezoea Kihangaza au Kisubi, ni hatari tupu. Daktari asimruhusu mgonjwa kuondoka kabla hajayarudia mwenyewe kwa maneno yake.

Mambo haya hayajifunzwi wodini Mwanza peke yake. Inafaa kila mwanafunzi wa ubingwa akae miezi kadhaa katika hospitali ya wilaya, akiwafundisha matabibu na akifundishwa nao. Halmashauri zinazopanga bajeti zingeweza kuanza na nyumba ya kumlaza, na vifaa vya maabara vya kuchunguza damu na ini la wanaotumia dawa hizo.