Mbegu za Mbambakofi na Koo la Mtoto



Mbambakofi mwaujua. Ni ule mti mkubwa wa Shimba Hills na misitu yetu ya pwani, ambao gome lake hubanduka magamba-magamba na kuacha mabaka meupe. Mbao zake mafundi wamechongea milango tangu zamani. Mti wa heshima, sina ugomvi nao. Leo nazungumzia mbegu zake.

Ganda la tunda ni gumu kama ubao. Likikauka hupasuka, na mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu huanguka chini. Wakubwa huzitunga mikufu. Mtoto wa miaka miwili yeye aona peremende. Na mbegu ile yateleza, tena yatosha kuziba koo lake.

Nilishaletewa mtoto aliyepaliwa hivyo. Jirani, kwa huruma tu, alitia kidole mdomoni kuitafuta, akaisukuma ndani zaidi. Tuliitoa, lakini midomo ilikuwa imeshageuka rangi.

Basi mama, mtoto akikohoa kwa nguvu au akilia, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, usingoje gari. Mwinamishe, kichwa kiwe chini ya kifua, umpige makofi matano ya nguvu mgongoni, katikati ya mabega. Haikutoka? Aliyepita mwaka mmoja, simama au piga magoti nyuma yake, kunja ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara tano. Wa chini ya mwaka usimbonyeze tumbo kabisa: mlaze chali juu ya paja, kichwa chini, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia makofi, rudia kubonyeza, huku mwenzio akitafuta tuktuk. Akizimia, mlaze chini, bonyeza kifua mfululizo na umpe pumzi mpaka msaada ufike.

Kidole mdomoni ni pale tu unapoiona mbegu kwa macho. Kumpulizia utosini hakuitoi.

Hata ikitoka, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa kifua kikiwa chalia au kikohozi hakikomi.

Na ule mkufu ukikatika uzi, okota mbegu zote, uinue na mkeka utazame chini yake, kabla hujamweka mtoto atambae.