Majani ya Malisho na Uzazi wa Ng'ombe
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi)



Leo ng'ombe wa maziwa wafugwa toka Rungwe hata Mufindi, nasi twaona fahari. Lakini ng'ombe asiyeshika mimba ni hasara mara mbili: hana ndama wala maziwa. Kwa hiyo twapenda kusema juu ya neno linalowatia wanachama mashaka, kwamba lusani humfanya ng'ombe tasa. Wapo wenzetu walioanza kuing'oa.

Neno hili lina asili ya kweli. Katika miaka ya 1940, huko Australia Magharibi, kondoo waliolishwa aina moja ya kloveri walishindwa kuzaa. Wataalamu waliitangaza habari hiyo mwaka 1946. Baadaye ilijulikana kuwa kloveri ile ina kemikali zinazofanya kazi kama estrojeni, yaani homoni ya kike. Vijidudu vya tumboni mwa kondoo huzigeuza kuwa ekwoli, ambayo huvuruga uzazi. Kondoo waliolishwa muda mrefu, wengine hawakupona tena.

Lusani nayo ina kemikali ya jamii hiyo, iitwayo kumestroli. Ikiwa na afya, kemikali hiyo huwa kidogo. Ikishambuliwa na ukungu wa majani au vidukari, huongezeka sana. Hata hivyo, ng'ombe hadhuriki upesi kama kondoo, na mara nyingi akibadilishiwa chakula hurudia hali yake baada ya majuma kadhaa.

Basi, yatupasa kufanya nini? Tusiing'oe lusani, kwa maana ni chakula bora cha kuongeza maziwa. Tuikate mapema, kabla ya kupata madoa, na tuichanganye na Guatemala, majani ya tembo au Rhodes, ambayo kemikali hizo ni haba. Yenye madoa tusiwape mitamba, wala ng'ombe wanaongoja kupandishwa, wala kondoo majike.

Tena, kabla ya kuyalaumu majani, tujiulize wenyewe. Je, ng'ombe alishiba wakati wa kiangazi? Alipata chumvi ya madini? Tulimwangalia kila siku 21 kama ana joto? Aonekanaye asubuhi apandishwe jioni, na aonekanaye jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Je, alipimwa ugonjwa wa kutupa mimba? Mara nyingi zaidi kosa liko hapa, wala si katika lusani.

Twaomba kila mwanachama awe na daftari: tarehe ya joto, tarehe ya kupandishwa, na chakula alichokula ng'ombe. Daftari hilo likiletwa ofisini, bwana mifugo, au watafiti wa mifugo wa Uyole, watakuwa na la kuanzia. Bila daftari, twabahatisha tu. Na mfugaji anayebahatisha huuza mtamba mzima kwa bei ya nyama.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.