Mbwa Mgeni Akiingia Bomani

Hapa Bomet mbwa waliopotea tunawaona sana. Akiingia bomani, wengine wetu hukimbilia mawe, wengine humfunga wakamfanya wao. Yote mawili si vizuri. Huyo ana mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayejua kama alidungwa chanjo ya kichaa.

Basi tufanye hivi. Kwanza tumtazame kwa mbali. Anatokwa na mate mengi, anayumba ama anauma ovyo? Tuweke watoto na mbwa wetu ndani, tumwite daktari wa mifugo. Akiwa mtulivu, tumwekee maji bila kumshika, halafu tutangaze kwa kituo cha majani chai, kanisani na kwa baraza la chifu.

Akimwuma mtu, tuoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, twende hospitali siku hiyo hiyo. Tusingoje dalili, zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mpango wa serikali wa 2014 ni kumaliza vifo hivi kufikia 2030. Sisi je, mbwa wetu tumewachanja?