Ukitaka Kuifunga Bahari, Muulize Mvuvi



Mkazi wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya bamvua. Anajua siku ambazo bahari hujaa kupita kiasi na kubisha hodi mlangoni. Leo nazungumzia watu walioamua kwamba bahari isibishe hodi tena.

Mwezi Januari 1916 dhoruba ilichafua Zuiderzee, ghuba ya maji chumvi iliyoingia ndani kabisa ya nchi ya Uholanzi. Kingo zilibomoka, watu na mifugo wakafa. Mwaka 1918 ikapitishwa sheria ya kuifunga ghuba hiyo, kwa mpango wa mhandisi Cornelis Lely, ambaye wakati huo alikuwa Waziri. Tarehe 28 Mei 1932 pengo la mwisho likazibwa. Ukuta huo una urefu wa kilometa 32. Ulijengwa na milango 25 ya kutolea maji ya mito baharini, na vyumba maalumu vya kuvushia meli: meli huingia, mlango hufungwa nyuma yake, maji hupandishwa au kushushwa, kisha mlango wa mbele hufunguliwa.

Faida ilionekana. Mwaka 1953 bahari ilipofurika na kuua watu 1,836 kusini-magharibi ya nchi hiyo, waliokuwa nyuma ya ukuta wa Lely walisalimika.

Lakini, ndugu msikilizaji, kila kitu kina bei yake. Ghuba iligeuka ziwa la maji baridi. Samaki aina ya heringi, waliokuwa wakiingia humo kuzaa, walikuta njia imefungwa. Wavuvi wakapoteza kazi ya baba na babu zao. Ni kweli, ilikuwapo sheria ya mwaka 1925 ya kuwasaidia. Lakini msaada huisha; bahari ingewalisha hata wajukuu.

Baada ya mafuriko ya 1953, Serikali ilikusudia kuufunga vivyo hivyo mkono mwingine wa bahari, Oosterschelde. Safari hii wavuvi wa chaza na kome, pamoja na watetezi wa mazingira, walikataa. Mabishano yakawa makali, hatimaye mpango ukabadilishwa. Boma lililozinduliwa mwaka 1986 lina milango 62 ya chuma, ambayo huachwa wazi siku zote na kufungwa dhoruba inapokuja. Gharama iliongezeka sana, lakini maji yanajaa na kupwa, na chaza wapo.

Mimi simlaumu Lely. Aliokoa maisha ya watu. Ninalosema ni kwamba ramani ya mhandisi haimwonyeshi mvuvi; lazima mvuvi mwenyewe aitwe mezani kabla jiwe la kwanza halijatoswa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Waholanzi hao hao sasa wameamua kuutoboa ukuta wa 1932, ili samaki wapate njia ya kupita.