Mbunge na Chama Chake
Maneno yaliyosemwa barazani Mgori, Singida



Nimetakiwa nieleze jambo linalowatatiza wengi: mbunge ni mtu wa nani, wa watu waliompigia kura, ama wa chama kilichomsimamisha?

Katiba yetu ina majibu mawili, nayo hayapatani sana. Ibara ya 100 yasema majadiliano ya Bunge ni huru, wala hapana chombo kiwezacho kuuvunja uhuru huo. Lakini ibara ya 71 yasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho, kiti chake kimekwisha.

Tazameni yaliyotokea hapa kwetu. Oktoba 2017 Bwana Lazaro Nyalandu, mbunge wa Singida Kaskazini tangu mwaka 2000, alijitoa CCM, na ubunge ukamtoka. Hapana mpiga kura wa Mgori aliyeulizwa. Tarehe 13 Januari 2018 mkaitwa kuchagua tena. Chadema haikusimamisha mtu, akashinda Bwana Justin Monko wa CCM.

Ni kama mchungaji. Ng'ombe ni wenu, lakini fimbo ameazimwa na jirani. Jirani akiidai, mchungaji hutoka malishoni hata kama ng'ombe wameshiba.

Chama nacho kina haki yake. Wengi hupiga kura kwa kutazama bendera kuliko mtu, na si vema mtu azichukue kura hizo akahamie nazo kwingine. Hoja hiyo naikubali kwa yule ajitoaye mwenyewe. Lakini afukuzwaye naye sheria humpima kwa kibaba kile kile. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, mmoja wao Bwana Joseph Kasella-Bantu, nao wakapoteza viti.

Mara nyingi hata kufukuza hakuhitajiwi. Agosti 1993 Bunge lilikubali hoja ya wabunge 55, wote wa CCM, ya kutaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu Nyerere aliipinga vikali, chama kikaikataa, na mwaka 1994 Bunge lile lile likaiacha. Hapana aliyehitaji kunyang'anywa kadi.

Mzee mmoja aliniuliza kama wapiga kura nao waweza kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano. Hawawezi, sheria haikuwapa njia hiyo.

Nimekwisha. Mwenye swali na aulize.