Kupimwa Kabla ya Kuumwa: Saratani ya Tumbo na Utumbo Mpana

Mama, leo tutataja jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni choo.

Kila nchi huwapima watu wake kulingana na ugonjwa unaoisumbua zaidi. Japani kwa miaka mingi imesumbuliwa na saratani ya tumbo. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1983 kuna mpango wa taifa wa kupima watu wanaojiona wazima kabisa. Mtu hunywa dawa nyeupe nzito iitwayo bariamu, kisha hupigwa picha ya eksirei. Mwaka wa 2016 mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, uliongezwa kwenye mwongozo wao. Korea Kusini nayo huwaita waliofika miaka 40, kila baada ya miaka miwili.

England hawamwiti kila mtu kupimwa tumbo, kwa kuwa saratani hiyo si nyingi huko. Wao huangalia utumbo mpana. Mwenye umri wa miaka 50 hadi 74 hutumiwa kichupa kwa posta kila baada ya miaka miwili. Akiwa nyumbani, huchovya kijiti kwenye choo chake, hukirudisha ndani ya kichupa na kukituma maabara. Huko hutafutwa damu ambayo jicho haliwezi kuiona. Ikipatikana, huitwa hospitalini kwa kolonoskopi, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa. Vivimbe vidogo vikionekana hukatwa papo hapo, na hapo ndipo faida ilipo, kwani kivimbe huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka saratani. Wengi husema kipimo chenyewe si kibaya kama ile dawa ya kuharisha ya siku iliyotangulia!

Hapa Kenya posta haituletei kichupa. Vipimo hivi viko, hasa katika hospitali kubwa, lakini ni lazima uviulizie mwenyewe. Kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja aliwahi kuugua saratani ya utumbo mpana, mwambie daktari hata kama wewe huumwi popote. Huenda akakushauri uanze kupimwa ukifika miaka 40, au hata kabla.

Na aliye na dalili asingoje kipimo cha wazima. Baba anatokwa na damu chooni, tunasema ni bawasiri. Nyanya anashiba kwa vijiko viwili na kukonda, tunamnunulia dawa ya vidonda vya tumbo dukani, mwezi baada ya mwezi. Choo cheusi kama lami, choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, upungufu wa damu usioeleweka: mpeleke kituo cha afya. Mkifika, msiseme tu "tumbo linamsumbua." Semeni damu, semeni ilianza lini.