Kutoka Ubaoni Kwenda Maabara
(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya kuacha kazi niliyoizoea na kushika kazi ya sayansi yenye mshahara mkubwa zaidi. Katika barua yao wameandika kwamba "nilipanda cheo". Sikupanda. Nilibadili kada, na katika utumishi wa serikali hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa.

Nilipotoka hapa nilikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikachukua shahada ya sayansi na ualimu, na mwaka 2005 nikapangiwa kufundisha Kemia na Baiolojia katika shule moja ya kata mkoani Singida. Nikakaa miaka 13. Kazi ile niliijua kama mtu aijuavyo njia ya kisimani kwao. Nilijua ni wiki ipi Kidato cha Tatu watakwama kwenye hesabu za moli. Nilijua kuizimua chupa moja ya asidi mpaka itufikishe Juni. Mwaka 2014, wananchi walipohimizwa nchi nzima kujenga vyumba vitatu vya maabara katika kila sekondari ya kata, nami nilisomba mawe pamoja na wazazi, na meza za chumba cha Kemia nilizipima kwa mkono wangu.

Sasa nifike kwenye fedha, maana naona vijana wa viti vya nyuma wamekaa sawa. Mshahara wa kazi mpya ulizidi ule wa ualimu kwa karibu theluthi moja. Nilikuwa na watoto watatu, mkubwa wao akiingia sekondari, na mama yangu mzazi alikuwa akitumia dawa za kisukari kila siku. Fedha ilikuwa sababu, na sioni haya kuitaja. Tuna desturi ya mtu kuhama kwa ajili ya mshahara, kisha akisimama mbele ya watu akasema amehama kwa ajili ya Taifa.

Lakini palikuwa na sababu nyingine, nayo ilikaa mbele yangu darasani. Kila mwaka nilipofundisha halojeni niliandika florini ubaoni, na walioandika madaftarini walikuwa watoto wenye meno ya kahawia. Singida, kama Arusha na sehemu nyingi zilizo karibu na Bonde la Ufa, ina visima vyenye floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yangali yakijijenga ndani ya ufizi; ikizidi sana kwa miaka mingi, hukakamaza na kupinda mifupa. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kunywa. Baadaye kiwango hicho kikashushwa. Huko Ngurdoto, Arusha, wataalamu wa maji wamefanya kazi kwa miaka mingi kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nikiyasoma hayo kwenye makala, kisha narudi kusahihisha madaftari.

Basi nafasi ya mkemia wa maji ilipotangazwa, nikaomba. Hapa nawaambia watumishi wenzangu: maombi ya mtumishi wa umma hupitia kwa mwajiri wake. Usiandike barua ya kuacha kazi kwanza ukidhani unarahisisha mambo. Ukihama kwa utaratibu, utumishi wako unaendelea na michango yako ya pensheni inaendelea. Ukijiuzulu unakuwa mwombaji kama mwingine yeyote aliyeko mtaani. Barua yangu mimi ilikaa miezi mitano juu ya meza ya ofisi moja, bila kukubaliwa wala kukataliwa. Niliifuata mara saba, kwa nauli yangu.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kuwa mwanagenzi nikiwa na miaka 38. Aliyenifundisha kazi alikuwa kijana niliyemzidi miaka 14, naye alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Shuleni tulingoja rangi ibadilike kwenye chupa. Kule floraidi hupimwa kwa elektrodi, na unachosoma ni milivolti. Kila floraidi inapozidi mara kumi, kipimo hubadilika kwa milivolti 58 hivi. Kwa hiyo ukikosea kidogo kwenye milivolti, umekosea sana kwenye maji. Kila asubuhi unaanza na maji ambayo kiwango chake kinajulikana, na ndipo unagusa sampuli za watu. Inabidi pia kutia kimiminika cha kuiachilia floraidi iliyoshikwa na alumini au chuma, la sivyo chombo hakiioni.

Wala si vyombo tu. Kwa miaka 13 nilifanya majaribio ambayo majibu yake niliyajua kabla sijafungua kabati. Maabara ya maji haina majibu nyuma ya kitabu. Unaandika namba, unatia sahihi, na kwa sahihi hiyo kisima kilichochimbwa kwa michango ya kijiji kizima huenda kikafungwa. Mara ya kwanza nilipopata kipimo kibaya nilirudia mara nne. Kipimo hakikubadilika. Kwenda kuieleza kamati ya maji ya kijiji kwamba maji yale meupe, matamu, yasitumike kupikia uji wa watoto, hapo ndipo ualimu wangu ulipohitajika, na sikumwona mwenzangu aliyenizidi.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja hadi sasa. Nilipowaaga Kidato cha Tatu, binti mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, na sisi je?" Nilikwisha kuomba niripoti baada ya mtihani wa Kidato cha Nne wa Novemba, na kwa wiki sita nilimfundisha mwalimu wa Fizikia kuendesha majaribio ya Kemia. Hata hivyo shule ile ilikaa mwaka mmoja na nusu bila mwalimu wa Kemia. Darasa la binti yule lilifanya mtihani katika muda huo. Baadhi walifaulu somo lile, wengi hawakufaulu. Nikiulizwa leo kama ningehama tena, nitasema ndiyo. Lakini swali la yule binti sina jibu lake, wala sitalibuni mbele ya wanafunzi wengine. Ninalolijua ni kwamba maadamu mwalimu wa Kemia hana budi kutoka darasani ndipo alipwe kama mkemia, vyumba tulivyojenga mwaka 2014 vitakuwa na meza bila mwalimu. Tulio katika utumishi, na wapo humu wenye vyeo vya kusikika, tuliseme hilo ofisini.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Wanafunzi wa Kidato cha Tano walioniuliza asubuhi kama naweza kupima maji ya kisima cha shule: naweza. Leteni nusu lita kabla sijaondoka kesho, katika chupa safi ya plastiki. Ya kioo msilete.